Shangazi Aliponililia Chumba cha Pili

Kwenye matanga ya shangazi, nikiwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu pale Newala, bibi mmoja wa Chilangala nisiyemkumbuka alinishika mkono akaanza kunibanabana vidole taratibu, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku bado amenishika. Kisha akamgeukia mwenzake na kumwambia kwa Kimakonde kwamba huyu ndiye yule, na mkono wake una joto. Alidhani sisikii. Watu wa rika lake wengi bado wanadhani hivyo, ingawa siku hizi nina vifaa viwili vidogo nyuma ya masikio, na kwa kuwa nimejifunga kitambaa si rahisi kuviona. Sikukasirika. Nilimwachia mkono auchunguze mpaka aridhike. Lakini nilipokuwa nimekaa pale, wanawake wakipitisha sahani za ubwabwa na watoto wakikimbizana nyuma ya jiko, nilijua kwamba habari ya mwaka ule haikuingia kaburini na shangazi. Wengine wataisimulia wanavyoijua wao. Mimi nayaandika niliyoyaona, na machache niliyoyasikia.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Masasi yalipojaa ghafla bidhaa ambazo tulikuwa tunazisikia tu, nguo za mitumba zikawa zinamwagwa chini marundo kwa marundo, na wanunuzi binafsi wa korosho wakaanza kupanda Newala na malori yao. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, nina mtoto mmoja wa kike, Lusia, na uvimbe tumboni. Dar es Salaam waliutoa ule uvimbe, wakasema ni saratani ya mfuko wa mayai, wakanitundikia dripu ya dawa kali, nikapumzika, wakanitundikia tena, ikawa hivyo kwa miezi. Ile dawa iliniponya. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea, kwa sababu mengine yote yaliyonipata yalitokana nayo hiyo hiyo. Kwanza walinyamaza ndege. Nje ya dirisha la wodi kulikuwa na mti uliojaa chiriku, na asubuhi moja nikawaona wanafungua midomo, lakini sauti hamna. Halafu zikaondoka sauti za wauguzi wa kike, zikabaki za madaktari wanaume, nazo zikiwa kama za watu wanaozungumza wamejifunika blanketi. Mahali pa sauti zilizoondoka pakakaa mlio mwembamba, kama wa bati linalokwaruzwa mbali sana, usiokoma nikila wala nikisali. Nilipowaambia, waliniandikia kwenye karatasi kwamba inatokea, na kwamba ni dawa.

Nilirudi Newala bila nywele, kucha zimekuwa nyeusi, vidole vya mikono na miguu vimekufa ganzi. Shangazi yangu, ambaye mtaani walimwita Mama Bruno kwa jina la mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Mtwara, ndiye aliyebaki na Lusia muda wote nilipokuwa hospitali. Alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. Alilia, nami nililia, na kinywa chake kikasema maneno mengi ambayo sikuyapata hata moja. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na fito iliyoezekwa bati, na kuta za ndani hazikufika juu; kati ya ukuta na paa paliachwa nafasi ya kupitisha hewa. Mimi na yeye tulitenganishwa na ukuta mmoja wa namna hiyo. Lusia alilala kwake. Nilidhani ni kwa sababu mimi ni mgonjwa.

Siku za kwanza tulikula pamoja, ugali wa muhogo na kisamvu, sote watatu kwenye sinia moja. Chumvi ilikuwa imebadilika kinywani mwangu, ikawa na ladha ya msumari, kwa hiyo nilimwomba shangazi anitengee mboga kabla hajatia chumvi. Aliniangalia kwa muda mrefu kuliko ombi lenyewe. Tangu siku hiyo nikawa napewa sahani yangu peke yangu, nakula ndani, wao wanakula barazani. Siku nyingine nilitaka kumsaidia jikoni, nikaiepua sufuria ya mbaazi motoni kwa mikono mitupu. Sikuhisi kitu. Nilikuja kuona ngozi imebabuka nilipokwishaiweka chini, na nilipoinua uso nikamwona shangazi na jirani yetu Bi Somoe wamesimama wameduwaa, Bi Somoe ameuziba mdomo kwa upande wa kanga. Nikacheka ili kuwaondolea hofu. Sikujua cheko langu linasikikaje. Wakati huo sauti yangu mwenyewe ilinifikia kama inatoka kwa mtu aliyesimama nyuma ya bega langu, na Lusia, niliposema naye, alikuwa akirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo wake ugote ukuta.

Ningependa kusema kwamba nilielewa. Ukweli ni kwamba asiyesikia huwaona watu wakiacha kuzungumza anapoingia, na huwaona pia wakiendelea kuzungumza mbele yake bila kujali, na hajui lipi kati ya hayo limebeba jambo. Asubuhi ukungu ulikuwa ukipanda kutoka bonde la Ruvuma na kuufunika mji, ukaingia mpaka barazani, na watu wakawa wanatokea ndani yake bila mshindo wowote, mmoja hapa, mwingine pale, tayari wako karibu, tayari wananitazama. Wengine walipita nyuma yangu wakisema kitu nami nisigeuke. Baadaye niliambiwa kwamba walikuwa wakiniita jina kwa makusudi. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nikimenya muhogo, na nyuma yangu watu wazima walikuwa wakipokezana kuniita, Hilda, Hilda, kisha wakienda zao na jibu walilolipata.

Lililonipeleka Masasi lilikuwa ni Lusia. Alianguka uani akakwaruza goti, akawa ameketi vumbini amepanua mdomo, machozi yanamtoka, na mimi niko mlangoni nimempa mgongo. Nilipogeuka alikuwa ameshabebwa na Bi Somoe. Nilimwambia shangazi nakwenda hospitali ya misheni kuangaliwa tumbo, nikapanda lori la korosho. Hospitalini nilimpata muuguzi mmoja mtawa, Sista Edita, mwanamke mfupi mwenye subira, aliyenielewa nilipoanza tu kueleza. Aliniandikia kwamba dawa iliyoua ugonjwa ndiyo iliyoyagusa masikio, kwamba sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea, za ndege, za watoto, na herufi kama s na f, na kwamba zikipotea hazirudi. Lakini kuna kifaa. Akaenda ndani akarudi na boksi dogo la chuma, kama pakiti ya sigara, lenye waya na kizibo cha sikio. Lilikuwa la sista mmoja mzee wa Kizungu aliyefariki pale misheni, na lilikaa kabatini tangu azikwe.

Kizibo kilikuwa kimetengenezwa kwa kufuata umbo la sikio la marehemu. Sista Edita alikitia sikioni mwangu tujaribu tu kama boksi linafanya kazi, nami nikahisi mikunjo ya sikio la mtu mwingine ikitafuta nafasi ndani ya langu, haiipati, inabana. Likapiga mluzi mkali, na nyuma ya ule mluzi nikasikia, kwa mara ya kwanza tangu Dar, mwanamke akisema. Alisema, polepole, unanisikia? Nilishika ukingo wa meza. Nikatamani kumwomba anyamaze na nikatamani aendelee. Pale hospitali palikuwa na fundi wa meno, akanijaza sikio kwa dawa ya kuchukulia vipimo vya meno, na siku iliyofuata akanitengenezea kizibo changu kwa plastiki ile ile ya meno ya bandia, yenye rangi ya ufizi. Ndicho nilichorudi nacho Newala, ufizi sikioni na boksi kifuani ndani ya gauni, waya umepita chini ya kitambaa cha kichwa. Betri zilikuwa zile ndogo za tochi, siku hizo zimejaa kila duka.

Sista aliniagiza nisikurupuke. Nianze chumbani, peke yangu, pakiwa kimya, niongeze muda siku hadi siku, maana masikio yakikaa muda mrefu bila kazi kila sauti huwa kama kelele. Kwa hiyo sikumwambia mtu. Nilitaka pia, nikiri, kumshtukiza Lusia siku moja kwa kumwitikia. Mchana, shangazi akiwa shambani, nilikuwa nikifunga mlango na kuwasha. Masikio yangu sasa yalikuwa kifuani. Nilisikia gauni likisugua kama mtu anayeburuta gunia. Nilisikia kucha za kuku kwenye sakafu ya udongo, na bati likijinyoosha kwa jua, na pumzi ambayo nilichukua muda kutambua kwamba ni yangu. Kuna siku nilisikia mtu akitembea chumbani kwa shangazi, nikaenda kuchungulia, hapakuwa na mtu, nikarudi, hatua zikaanza tena. Sijapata kujua zilikuwa nini. Labda panya juu ya ukuta. Nilizima, nikakaa na ule mlio wangu wa bati, na kwa mara ya kwanza nikauona kuwa rafiki.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri ya msimu wa mabibo ya korosho, nyumba nzima inanuka utamu uliochacha. Sikujua kama shangazi amerudi. Niliwasha, nikakaa kitandani, na sauti ikashuka kutoka juu, pale ukuta unapoishia. Ilikuwa ya chini sana, inakatika, na s zote hazipo, nikawa nazijaza mwenyewe. Kwanza nilidhani anasali. Kisha nikasikia jina langu.

"Hilda, mwanangu," alikuwa akisema. "Wamekulaza wapi? Hata kaburi hawakunionyesha. Nguo zako nimeziweka sandukuni, sijamgawia mtu. Mtoto hajambo, anakula. Huyu waliyenirudishia simpi mtoto, usiwe na wasiwasi. Gari la korosho likija, Bi Somoe atampeleka kwa bibi yake, kule Chidya."

Halafu akalia. Kwa miezi nilikuwa nimemwona akilia bila sauti; sasa nilisikia kilio chenyewe, na kilikuwa kilio cha msiba. Watu wa kwetu hueleza kwamba wachawi wakimtaka mtu humficha, na ndugu huzika mgomba wakidhani ni yeye. Aliyefichwa huitwa ndondocha, hufanya kazi usiku, hajui kwao, hali chumvi wala hageuki akiitwa jina. Nilipokuwa nimekaa pale kitandani nilielewa kwamba kwa shangazi mimi ndiye mgomba, ila uliorudishwa ukitembea. Nilielewa sahani yangu peke yangu, na chumvi, na sufuria, na wale waliosimama nyuma yangu kwenye ukungu. Na sitaficha kwamba kwa kitambo kidogo nilimwamini. Nilizitazama kucha zangu nyeusi juu ya shuka. Nilijaribu kukumbuka ladha ya kitu chochote kama ilivyokuwa zamani, sikuweza. Nilijiuliza kama yule Hilda anayeliliwa na shangazi yangu hakuwa kweli amebaki mahali fulani Dar, kwenye kitanda kile cha dirishani, akisikiliza chiriku.

Kisha nikafanya jambo ambalo mtu yeyote angelifanya. Nikamwitikia.

"Shangazi," nilisema, "nipo huku."

Kilio kilikatika kama kilichokatwa kwa panga. Hebu fikirini alivyosikia yeye: kiumbe ambacho hakigeuki kikiitwa jina nyuma ya kisogo, kimesikia mnong'ono nyuma ya ukuta, na kimejibu. Nilisikia kitanda chake kikilia, mlango ukibamizwa, miguu ikikimbia uani. Nilipotoka alikuwa ameshavuka kwa Bi Somoe na Lusia mgongoni.

Walirudi kabla jua halijapoa. Shangazi, Bi Somoe, katekista wa mtaa wetu, na majirani wengine waliobaki kwenye ua wa miti, hawaingii wala hawaondoki. Nilikuwa nimesimama barazani. Katekista alikuwa mtu mpole. Aliuliza kwa ishara kama ninaweza kusikia, nikasema naweza. Watu wakasogea nyuma. Nikatia mkono kifuani nikalitoa boksi, nikalinyanyua na waya wake wakaliona, nikawaeleza kwa ufupi nilioweza kwamba ni chombo, ni kama redio, nimepewa hospitali ya Masasi, dawa ya saratani ilinila masikio na vidole na ulimi. Nikachomoa kizibo na kumnyooshea shangazi. Hakukigusa. Aliyekuja ni Bi Somoe. Namheshimu mpaka leo kwa zile hatua, maana uso wake ulikuwa wa mtu anayeingiza mkono kwenye shimo asilolijua. Akakipachika sikioni, boksi akalishika mwenyewe, akaligeuza huku na huku kama anayemulika, kwa watu, kwa kuku, kwa mti wa mkorosho. Kisha akalikandamiza kifuani kwangu, juu ya moyo, akafumba macho. Sikusikia alichosema, nilikisoma midomoni, na katekista alikuja kunithibitishia baadaye. Alisema moyo unapiga. Akasema pia kwamba hata wao, ndondocha, wana mioyo.

Alinirudishia kizibo. Nilijua kwamba hapo hakuna ushahidi zaidi nilio nao. Kumbukumbu za utotoni, jina langu la unyago, siri za shangazi na mimi, yote hayo mgomba wa wachawi ungeweza kuyajua, kama ulivyoweza kuwa na uso wangu. Lusia alikuwa amemshikilia shangazi sketi kwa ngumi zote mbili. Shangazi alimwondoa taratibu, akampa Bi Somoe, akapanda baraza. Alisimama karibu nami kuliko alivyowahi kusimama tangu siku ya kunipokea. Akainama, akauweka mdomo wake mbele ya boksi, hapa kifuani, na akanong'ona ili wale wa uani wasipate.

"Wewe ni nani?"

Nilikuwa na jibu tayari, lile ambalo kila mtu angelitarajia. Lakini niliona machoni mwake kwamba nikilisema tu, atampoteza yule mwingine mara ya pili, na hatanisamehe. Na lililokuwa hatarini pale uani halikuwa jina langu.

"Mimi ni mama yake Lusia," nilimwambia.

Pumzi yake iliingia kwenye boksi kama upepo wa mvua.

"Basi mlee," akasema.

Gari la korosho lilikuja wiki ile na kuondoka, na Lusia hakupanda. Sitaki msomaji afikiri kwamba mambo yalinyooka siku hiyo. Ilichukua muda kabla hajakubali kulala chumbani kwangu. Kilichomleta ni lile boksi. Aligundua kwamba akitaka nisikie hasemi na uso wangu, anasema na kifua changu, na hilo likamfurahisha. Akawa anakuja kunikumbatia kiunoni, anapanda kwenye kigoda, anasogeza midomo mpaka iguse chuma, ananieleza habari za mbuzi wa jirani. Nusu ya maneno sikuyapata. Jina lake lenyewe nililisikia lina tundu katikati, na ndivyo nilivyolisikia kwa miaka mingi. Lakini joto la maneno lilipita kwenye gauni. Nywele zangu ziliota, laini na zenye mawimbi kuliko za zamani, na hilo nalo likazungumzwa. Kucha zikarudiwa na rangi. Kabla mwaka haujaisha nilianza kula chumvi, shangazi akaitia kwenye mboga yangu mwenyewe kwa mkono wake huku akinitazama, tukarudi kula sinia moja. Niliporudi kufundisha, nilikaa na darasa kubwa la wanafunzi wakubwa, maana sauti zao zilikuwa nene. Boksi la marehemu sista lilinisaidia mpaka waya ukakatika kabisa.

Shangazi hakuwahi kuniita Hilda tena. Aliniita Mama Lusia, jina la heshima ambalo kila mtu angeniita, na mgeni asingegundua lolote. Alinitendea wema usio na kasoro. Aliniuguza malaria, alinipigania walipotaka kunihamisha shule, alimfunga Lusia kilemba siku ya harusi yake. Sanduku la nguo zangu za usichana lilikaa chini ya kitanda chake, nami sikuliulizia. Nimejaribu kwa miaka kujua kama aliishi akiamini, au aliishi amechoka kuuliza, na kama kuna tofauti. Yeye ndiye aliyenilea. Zipo nyakati, hasa nikivua vifaa na ule mlio wa bati ukabaki peke yake, ninapomwonea wivu yule aliyeliliwa namna ile.

Alipougua mara ya mwisho nilihamia kwake kumtunza. Nilimwogesha, nilimgeuza, nilimlisha kwa kijiko. Wiki za mwisho akili yake ilikuwa safi. Asubuhi moja, ukungu umejaa dirishani, nilikuwa nikimkausha miguu, akanishika kiganja, akasubiri mpaka nimtazame ili nisikose neno.

"Umekuwa mtoto mwema kwangu," alisema. "Hata Hilda asingeweza kunifanyia haya."

Nilimaliza kumkausha miguu. Nikamfunika. Nikamwambia Hilda anamshukuru sana.

Akaitikia kwa kichwa, akaomba uji.